Taa ya Kushoto ya Pikapu ya Sebego

Rra Sebego, yaani Bwana Sebego kwa lugha yetu, hakuwa mchungaji wala diwani, lakini kijijini kwetu hakuna nyumba ambayo haikupata kumbishia hodi. Ukifiwa, yeye ndiye aliyekwenda na pikapu yake hadi hospitali ya Serowe siku ya Ijumaa, akamleta marehemu alale nyumbani kwao usiku wa mwisho, azikwe Jumamosi alfajiri. Alitaka umtilie mafuta tu. Ubishi wake ulikuwa mmoja: taa za mbele ziwake zote mbili, hata jua likiwa utosini. Kwetu, dereva akiona taa mbili zinakuja polepole mchana kweupe, anajua ni maiti. Anaegesha pembeni, anavua kofia, anangoja. Ikiwaka moja, ataona gari bovu tu, na kwa gari bovu hasimami mtu.

"Simrudishi mtu kwao kwa jicho moja," alizoea kusema, na watu wakamsifu mpaka kanisani.

Sasa kafiwa yeye. Mkewe, Galeboe, alianguka bombani Jumatatu na ndoo yake, asiinuke tena. Alhamisi, kana kwamba msiba mmoja haukutosha, taa ya kushoto ya pikapu ikaungua.

Mfiwa kwetu hashiki kazi. Anakalishwa uani, blanketi mabegani hata kukiwa na joto, na wakubwa wa ukoo wanaamua kila kitu. Rra Sebego alimwomba kaka yake mkubwa, Kelapile, jambo moja tu: Galeboe aletwe kwa taa mbili.

"Litafanyika," Kelapile akamjibu. "Wewe kaa."

Balbu ya akiba ilikuwepo kabatini, moja. Ijumaa wanaume wengine walikuwa wanachimba kaburi, kwa hiyo akaitwa jirani yetu Tebatso, aliyekuwa akimchuna ng'ombe wa msiba. Alifuta mikono kwenye suruali, na suruali yenyewe ungeweza kuikamua ukakaangia maandazi. Akahangaika. Mkono haukupita kati ya betri na taa. Akamtukana aliyelitengeneza gari, na mama yake aliyemzaa, kisha akaing'oa betri kabisa. Mwishowe taa ikawaka, tukashukuru.

Rra Sebego akainua kichwa. "Tebatso, balbu umeishika wapi?"

"Kwenye kioo, Rra. Ningeishika wapi, masikioni?"

"Kwa mikono hiyo ya mafuta? Kile kioo kikipata moto penye mafuta hakidumu. Itoe uifute."

"Si imewaka, jamani!"

Rra Sebego akainuka aende mwenyewe. Kelapile akamkamata blanketi. "Kaa chini! Unataka waseme mwanamume anamzika mkewe na spana mkononi? Hospitali inafunga. Tebatso, washa gari."

Akakaa. Hapo nilimkasirikia Kelapile, na hasira hiyo sijaitua mpaka leo. Mila ni zetu sote, lakini akili ya kuzitumia kila mtu alipewa yake.

Wakati wa kurudi nilikaa nyuma na wanawake wenzangu, jeneza katikati yetu, tukiimba. Mwanzoni magari yalisimama. Mzee mmoja alishuka kabisa kwenye mkokoteni wake wa punda, akainamisha kichwa, nami nikasema moyoni, asante baba. Kisha yakaacha kusimama. Sisi wa nyuma hatukujua kwa nini. Lori la ng'ombe likatupigia honi tulipishe, likapita kwa kasi na kutufunika vumbi, wimbo ukatukatikia mdomoni. Nililifuta jeneza kwa shali yangu. Mwanamke aliyemtekea maji kila jirani mgonjwa, anapigiwa honi kama mbuzi barabarani! Nililia kwa uchungu, sikujizuia.

Tulipofika langoni, Rra Sebego alikuwa amesimama. Aliiona taa moja tu ikiwaka. Tebatso akashuka, akamwendea kofia mkononi, machozi yanamtoka.

"Nisamehe, Rra. Imezima njiani. Kuna lori halikusimama." Akapangusa pua. "Lakini wewe miaka yote hii uliwezaje? Mkono wenyewe hauingii pale."

Rra Sebego akaitazama mikono yake, mipana kuliko ya Tebatso.

"Sijawahi kuibadilisha," akasema. "Hata siku moja."

Kelapile akakohoa. "Mdogo wangu, kaa kwanza, umechoka."

"Niache niseme. Ni yeye, Galeboe. Mkono wake ulipita bila kung'oa kitu. Alivua kilemba akaishikia balbu, akinifokea nisimzibie mwanga. Nyie mkanisifu mimi. Yeye alicheka tu, nami nikanyamaza."

Wanawake wakaanza kulishusha jeneza. Nilibaki nimemshika mkono Rra Sebego.

"Jana ilipoungua," akamwambia Tebatso kwa sauti ndogo, "nilitoroka uani, nikafungua boneti nikamwita. 'Galeboe! Imeungua tena!' Kimya. Nikamwita mara ya pili, kwa ukali, nikiona anachelewa. Nikasimama pale, Tebatso. Nikamngoja."