Kidole Changu kwenye Kiapo cha Mama

Nakumbuka siku ambayo mpaka leo nikiisimulia nainamisha kichwa. Nitakusimulia hivyo hivyo, mwanangu, maana nimesikia unatafuta mtu wa kukugongea muhuri kwenye hati ya kiapo.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, tunakaa Mbwera, kisiwani. Dada yangu Zuhura alikuwa amepata nafasi ya chuo cha uuguzi, na chuo kilitaka cheti cha kuzaliwa. Cheti hakuwa nacho. Sisi wa visiwani wakati ule tulizaliwa, tukapewa jina, basi. Wakasema mzazi anaweza kuapa mbele ya wakili kwamba huyu ni mwanawe, kazaliwa mahali fulani, mwaka fulani. Baba alikwisha kufariki. Nikaambiwa nimpeleke mama mjini Kibiti.

Mama alikuwa na mguu unaomuuma, na safari ile ni ya kungoja maji yajae, kupanda mtumbwi mpaka Nyamisati, kisha gari. Nami, kusema kweli, nilikuwa kipa wa timu yetu, na keshoye tulikuwa na mechi. Nikamwambia, "Mama, pumzika. Nitakwenda mwenyewe."

"Si wamesema nifike mimi?"

"Wanasema tu hao, mama."

Akaniamini. Na kwa nini asiniamini? Ni mimi niliyesoma.

Kibiti sikumtafuta wakili. Nilikwenda kwa Kondo, mpiga chapa wa pale sokoni, aliyekuwa na mashine ya kuchapia na muhuri wa wakili ambaye sikupata kumwona mtu aliyemwona. Akachapa haraka. Akauliza mama yuko wapi, nikamwambia Mbwera. "Weka chako," akasema. "Nani atakagua kidole?" Nikachovya dole gumba langu kwenye wino, nikalikandamiza juu ya jina la mama yangu. Mechi niliiwahi.

Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Zuhura aliondoka na sanduku lake, na kabla ya wiki kwisha akarudi nalo. Wakili mwenye muhuri ule, kumbe, alikwisha acha kazi zamani. Chuo kikampa siku saba mzazi aape upya, mbele ya wakili anayejulikana. Zuhura hakunilaumu. Alilikalia sanduku lake uani, akafunika uso kwa kanga.

Tukaenda watatu. Safari hii niliuliza mahakamani, nikaelekezwa kwa wakili mmoja, mwanamke mfupi mwenye miwani. Dakika tano tu kutoka kwa Kondo. Akaiweka ile karatasi ya kwanza mezani, akamuuliza mama kwa adabu, "Mama, kidole hiki ni chako?"

Mama aliitazama karatasi, kisha akanitazama mimi. Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Sikufungua.

"Changu," mama akasema.

Wakili alikitazama kidole cha mama, chembamba, kilichochakazwa na jembe la mpunga, akaitazama ile alama pana. Hakubishana naye. Alichapa hati mpya, akamsomea neno kwa neno, akiuliza kila mara kama ameelewa. Mama akamsimamisha: "Huyu hakuzaliwa Nyamisati. Kazaliwa Mbwera, kwenye kitanda changu." Kondo alikosea, nami sikusoma. Wakili akasahihisha, kisha akamsogezea msahafu.

Mama hakuushika. Aliomba maji, akatoka nje kutia udhu. Aliporudi alibaki amesimama.

"Mwanangu," akamwambia wakili, "neno nililokwambia mwanzo si kweli. Kidole kile si changu. Siwezi kuapa juu ya uongo."

"Ni cha nani, mama?"

"Mwenyewe yumo humu ndani. Atasema."

Nikasema ni changu. Yule wakili alivua miwani. "Ningeweza kukupeleka polisi," akasema, "na ningekuwa sijakuonea. Umemwapisha mama yako asiyekuwepo. Kama hati hii ingepita, siku ya kugundulika angeitwa yeye, si wewe." Hakupiga simu kokote. Mama akaushika msahafu, akaapa, akaweka kidole chake mwenyewe.

Njiani mama hakunisema. Wazee walinena, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Kesho yake nilimwona hali chakula, nikadhani mgonjwa. Zuhura ndiye aliyenieleza: mama anafunga siku tatu kwa lile neno moja alilolisema kunificha. Na siku zote tatu alinipikia, akaniwekea chakula mbele yangu, nami nikala. Hilo, mwanangu, ndilo linaloniuma kuliko maneno ya wakili.

Zuhura alipokelewa, akawa muuguzi. Mama katangulia mbele ya haki na hakuligusa tena jambo lile. Nami sikumwomba radhi kwa mdomo wangu. Niliona haya, na haya zikanichelewesha.

Basi, ukitaka kuapa, uliza mahakamani wakili gani anayetambulika, na usione aibu kumtaka akuonyeshe leseni yake ya mwaka huu. Nenda na kitambulisho chako. Soma karatasi, na usipoelewa usomewe. Usitie sahihi nyumbani. Tia mbele yake, akikuona. Akikugongea bila kukuuliza jina, chukua karatasi yako uondoke. Wala usimwekee mtu kidole, hata awe mama yako, hata mguu wake uwe unamuuma. Mbebe.

Mola akujaalie ulimi unaoweza kusema "ni mimi" mapema, wazazi wako wangali hai kuusikia. Amina.