Sauti ya Chini: Miezi Minane ya Kuimba Kantri Bwejuu

Siku ya kwanza nilifika hotelini Bwejuu saa tatu za asubuhi, nimevaa baibui langu safi, na kitu cha mwanzo nilichopewa ni kofia. Kofia pana ya wachunga ng'ombe wa Marekani. Meneja alikuwa kijana wa bara mwenye haraka. Aliniamkia vizuri, kisha akanitandikia vitu mezani.

"Hii ya nini?" nikamuuliza.

"Ya kazi, Bi Mwanahamisi. Na viatu hivi hapa."

"Kofia nitavaa, juu ya mtandio wangu. Viatu vya ng'ombe sivai."

Nawaandikia nyie mnaoimba sasa, mnaodhani kazi ya sauti imeanza na simu zenu. Nilisoma mpaka darasa la nne tu. Mkiona mstari umepinda, unyoosheni wenyewe.

Kabla ya hapo nilikuwa mwitikiaji katika chama cha taarab pale mjini, miaka ishirini. Mwitikiaji hukaa nyuma ya mwimbaji na kupokea kibwagizo. Kazi hii ina sharti moja: sauti zote ziwe moja. Tukiwa kumi, msikilizaji asikie mtu mmoja mkubwa. Na mwenzetu akipanda pahala sauti ikambakia peke yake, sote twampandia papo hapo, twamfunika, watu wasijue. Twaita kumsitiri. Asiyejua kumsitiri mwenzie hapewi kiti.

Hoteli ilitaka wanawake watatu wa kuwaimbia wageni nyimba za kantri, zile za wachunga ng'ombe wa Marekani. Nilikwenda kwa sababu kulikuwa na mshahara wa kila mwezi, na chama kilikuwa kikisubiri harusi. Mkuu wa waitikiaji, mwanamke asiyecheka na mtu, aliniruhusu kwa maneno machache. "Nenda. Kiti chako nakuwekea. Lakini ukirudi umeharibika, nampa mwengine." Nikamwambia siharibiki. Kiti kile ndicho kilichonifanya nijulikane mjini, na sikuwa na nia ya kukipoteza.

Tulikuwa mimi, Zuhura tuliyetoka naye chama kimoja, na Monika, mtu wa kwaya ya kanisani. Mwalimu wetu alikuwa mke wa mwenye hoteli, Mmarekani, tukimwita Madamu. Kiswahili alikijua, ila alikisema polepole kama anayehesabu ngazi. Alitugawa: Zuhura juu, Monika kati, mimi chini. Wimbo mmoja, maneno yaleyale, lakini kila mtu apite njia yake.

Mimi sikuelewa. Niliona nafundishwa kukosea, tena kwa makusudi.

Tukianza, Zuhura anapanda, na mimi namwona yuko peke yake kule juu. Koo langu linamkimbilia. Madamu anasimamisha gitaa.

"Bi Mwanahamisi, usimfuate."

"Simfuati. Namsitiri."

"Kwani yuko uchi?" Monika akadakia, akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

Zuhura akasema, "Shoga, niache huko huko. Mie napapenda."

Nilimsitiri wiki tatu nzima. Hata siku ya mwanzo mbele ya wageni, saa kumi za jioni, wanakunywa chai, nilipanda naye. Madamu akajifunika uso kwa mikono. Wageni wakapiga makofi. Sikujua nani nimsadiki.

Na maneno yenyewe! Tuliyashika kwa masikio, kisha nikadai maana, kwa sababu mimi siimbi nisichokijua.

"Huyu mwanamme analia nini?"

"Mke wake ameondoka na lori," Madamu akasema.

"Ameondoka na dereva wa lori?"

"Hapana. Na lori tu."

"Sasa analilia mke au analilia lori?"

Madamu akafikiri sana. "Vyote viwili," akasema, na macho yakamjaa maji, kisha akatuambia tuimbe huku tunatabasamu. Kwenye taarab mwimbaji humwaga machungu yake na uso umetulia kama sinia. Hawa walikuwa wanalia kwa meno nje. Mpaka leo jambo hilo halijakaa sawa kichwani mwangu.

Wiki ya nne, sijui ilikuwaje. Siku moja Zuhura alipanda na mimi nikabaki. Nikasikia sauti yangu chini yao, kama sakafu. Sikufurahi, niliogopa. Nilihisi nimemwacha mwenzangu njiani. Lakini Madamu alifumba macho akaacha kupiga, na sisi tukaumaliza wimbo bila ya gitaa.

Tulikwenda hivyo hadi mwezi wa nane. Mwenye hoteli akauza, Madamu akarudi kwao, na mwenye hoteli mpya akataka ngoma na mashine za muziki. Meneja alitwambia mlangoni, "Mama zangu, msije tena." Kazi ikaisha.

Nikarudi chamani na Zuhura. Viti vyetu vilikuwapo. Mazoezi yakaanza baada ya alasiri, fidla zikaingia, tukapokea kibwagizo. Mkuu akanyanyua mkono.

"Nani anashuka?"

Akatupitishia macho mmoja mmoja.

"Nshasema, nani anashuka?"

"Ni mimi," nikasema.

"Unaumwa?"

"Siumwi."

Tukarudia. Nikashuka tena. Naapa sikutaka. Nilikaza koo kama mtu anayezuia mlango, nalo likateremka. Zuhura, aliyekuwa akipapenda kule juu, alirudi kwenye sauti moja siku ileile kama hajatoka. Mie niliyeikataa sauti ya chini wiki tatu ndimi iliyonikamata. Nielezeni nyie mliosoma.

Mzee wa fidla akasema, "Mwacheni, mbona tamu?"

"Tamu si kazi yetu," Mkuu akamjibu. Akanigeukia. "Kiti sikunyang'anyi, Mwanahamisi. Kaa. Fungua mdomo, sauti usitoe."

Nikakubali. Nilikitaka kiti. Harusi ya kwanza nilifungua mdomo, na ya pili vilevile. Ya tatu ilikuwa Bububu. Tulipomaliza akaja mama wa bibi harusi, amenukia udi, akanikamata mikono miwili.

"Bi Mwanahamisi, leo umeimba! Hujapata kuimba kama leo!"

Nilimwambia ahsante. Asubuhi yake nikaenda kwa Mkuu kumwambia naacha.

"Kwa nini? Hapana aliyejua."

"Ndilo hilo."

Hakunizuia. Alinishindikiza hadi mlangoni, na pale akasema neno ambalo bado naligeuzageuza: "Ile sauti yako, sikusema mbaya." Basi kama si mbaya, nilifukuzwa au niliondoka? Sijui. Nimeshika jiko, nimelea wajukuu, na bado sijui kama miaka ile ishirini nilikuwa naimba au nilikuwa najificha ndani ya watu tisa.

Jumapili Monika akitoka kanisani hupita kwangu. Tunakaa barazani, tunauanza wimbo wa lori, yeye ya kati, mimi ya chini. Zuhura tumemwita mara mbili, anasema ana mazoezi. Kwa hiyo ya juu hatuna. Tukifika pahala pake tunaimba vilevile, kila mtu kwenye njia yake, wala sipandi kumtafuta.