Bastola Isiyonuswa

Fundi wa silaha za filamu ile hakuwahi kumpa mwigizaji bunduki mkononi. Aliinusa mdomo kwanza, kama mama anavyonusa maziwa yaliyolala, kisha akailaza mezani na kusema kwa sauti yake ya kikohozi, "Chukua, mwanangu." Vidole vyake vilinuka mafuta ya bunduki hata alipokula mkate mweusi na kitunguu. Zinaida, mwenye filamu, alikuwa amenunua vitu vingi kwa waongo, na asubuhi ile jicho lake lilinasa jambo. Bastola ambayo mwigizaji Rodion angefyatuliwa nayo kifuani ililazwa mezani bila kunuswa.

"Humo mna baruti tupu?" akauliza.

"Zinaida Lvovna, kwani mimi mtoto? Baruti tu, risasi hamna."

"Mbona hukuinusa?"

"Nina mafua."

Rodion akacheka. "Shangazi, tufanye kazi, theluji inayeyuka!"

"Nyamaza, wewe ndiye wa kupigwa." Akamgeukia fundi. "Basi kasimame wewe pale pa Rodion, tuijaribu."

Fundi akajifuta mikono kwa kitambaa, kidole baada ya kidole. Kisha akaiokota bastola taratibu na kuitia mfukoni mwa koti.

"Kuna nyingine garini," akasema. "Ngoja niilete."