Kata Mbili za Mwisho Mtungini

Asubuhi ile nilifua nepi za mtoto kwa debe zima la maji, nikayamwaga mtaroni kama kawaida yangu. Bi Mwanahawa, mwenye nyumba wetu pale Kariakoo, alinitazama akitikisa kichwa.

"Hapa si kwenu Machame, mwanangu. Huku maji hayashuki mlimani."

Nilicheka. Nimekulia kando ya mfereji wa kumwagilia migomba, na ubahili wa mama yule niliuona kichekesho. Maji aliyooshea mchele aliyaoshea vyombo, kisha akayapeleka kwenye mchicha wake nyuma ya nyumba, shina kwa shina, kwa kopo lililotobolewa kwa msumari. Alimwagilia jua likishazama, lisije likamnyang'anya. Kazi yake ilikuwa kuosha maiti, na watu walisema birika moja mkononi mwake linafanya kazi ya ndoo. Mumewe, Mzee Kondo, alikuwa akimtania kwamba hata machozi atayakinga.

Mchana huo mgomo wa makuli wa bandarini ukageuka mapigano na polisi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Wengine waliita fujo. Sisi tuliolala chini ya vitanda tukisikiliza bunduki tuliita vita. Wapangaji wenzangu walikimbilia Buguruni kwa ndugu zao. Mume wangu alikuwa safarini na treni, nami nikabaki na Anansia, binti yangu wa mwaka na nusu, aliyekwisha acha ziwa. Bomba la mtaa lilikuwa ng'ambo ya barabara, na barabara ilikuwa ya wenye bunduki.

Siku ya pili Anansia akaanza kuharisha.

Siku ya tatu midomo ilimkauka, hata kulia akaacha. Mtungini zilibaki kata mbili, nasi tulikuwa wanne. Mchicha ulikuwa umeshalala chini.

Mzee Kondo alichukua debe.

"Naenda mara moja. Mtoto hangoji."

Tulisikia mlio mmoja. Kisha debe likaanguka.

Majirani walimwingiza kwa mlango wa uani, ameshakata roho.

Nilijua kata zile mbili zingekwenda wapi. Mwosha maiti hawezi kumzika mumewe bila maji, nami sikuwa na uso wa kuomba. Debe nililolimwaga mimi ndilo alilolifuata.

Bi Mwanahawa alichota kata moja, akaiweka mbele yangu.

"Mnyweshe kwa kijiko, kidogo kidogo, asitapike. Kata iliyobaki mwekee jioni."

"Na Mzee, Bi Mwanahawa?"

"Dini imeturuhusu udongo. Aliye hai kwanza."

Akapiga viganja kwenye udongo mkavu wa uani, akampangusa mumewe uso. Akapiga tena, akampangusa mikono, wa kulia, kisha wa kushoto. Hakuharakisha. Mimi ni Mkristo, nimelelewa kanisani, na sijapata kusimama mahali patakatifu kama ule ua. Mpaka leo naikumbuka ile mikono yenye vumbi.

Kesho yake bunduki zilinyamaza, bomba likajaa watu. Anansia alipona, sasa ni mama wa watoto watatu. Bi Mwanahawa aliendelea na kazi yake miaka mingi, akawaosha wafu wa mtaa mzima kwa maji, isipokuwa yule mmoja. Kuhusu debe langu hakuniambia neno. Nilimngoja aniseme mpaka akafa.