Mwaka Mpunga wa Bibi Ulipoota Kutu

Juzi nilishuka Mikumi kununua mchele kando ya barabara. Nilipotia mkono guniani, kiganjani zikabaki chenga tupu, nami sikutulia tena. Moyo ulishatangulia kijijini Tindiga, kwenye jaruba la mpunga la bibi.

Kama ulikulia bondeni, unalijua tope la asubuhi na kelele za kufukuza ndege. Mwaka ule ndege hatukuwafukuza. Hawakuwa na cha kufuata. Wiki chache baada ya kupandikiza, majani yalitoka madoa ya kahawia kama bati lililoota kutu. Miche ikadumaa. Bibi hakukaa kitako. Alfajiri yuko shambani, jua la utosi yuko shambani. Akatia mbolea ya kupandia, mpunga ukazidi kusinyaa. Akaongeza nyingine.

Mwishowe akamtafuta wa kumlaumu. Jirani yetu, mama mmoja wa kifugaji, alituletea maziwa kila asubuhi kwa kibuyu chenye harufu ya moshi. Ng'ombe wake walinywa kwenye mfereji wetu. Siku hiyo bibi alimsubiri mlangoni.

"Umetia nini kwenye maji yangu?"

"Mama, hata watoto wangu wanakunywa hayo hayo."

"Maziwa yako usilete tena hapa."

Yule mama aligeuka, akaondoka na kibuyu chake. Nilikuwa nimeshika kikombe, nikaona aibu hata kukiweka chini.

Bwana shamba alikuja masuke yalipokwisha kutoka. Akapukuchua moja: mapepe, maganda matupu yasiyo na punje.

"Bibi, hapa hakuna sumu. Udongo umepungukiwa madini ya zinki. Yanatakiwa kidogo tu, kama chumvi kwenye mboga, lakini yakikosekana mpunga haukui wala punje haijai. Na ile mbolea uliyozidisha imeyazuia yasifike kwenye mche."

Bibi alitoka na tope lake miguuni mpaka kwenye boma la jirani, mimi nikimkimbilia nyuma. Zizi lilikuwa wazi, majivu yamepoa. Walishahama kufuata malisho. Bibi alipiga hodi hata hivyo, mara tatu.

Msimu uliofuata alitia zinki, mpunga ukakubali, punje nzima nzima. Wali wa kwanza alijaza bakuli moja, akalifunika, akaliweka kando. Hatukuthubutu kuuliza la nani.

Sasa bibi hayupo, jaruba linalimwa na watu nisiowajua, na yule mama hatukumwona tena.