Hela Yangu Ilizidi Kwenye Kadi, Akaenda Kuitoa na Mke Mwenzangu

Admini, jina langu baki nalo wewe mwenyewe, maana mume wangu na wateja wangu wote wamo humu. Mimi ni mama wa miaka arobaini na sita, nina watoto watatu, naishi Kariakoo upande wa Msimbazi. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nikikosea kuandika mnivumilie. Napika chapati na maharage, nawauzia wapagazi wa sokoni. Mume wangu ana duka la vipuri vya pikipiki. Miaka mitatu iliyopita aliongeza mke wa pili, binti wa watu kutoka Lindi, akampangishia Magomeni. Nililia, mwisho nikampokea. Dini imeruhusu, ila moyo haukuulizwa.

Sasa mume wangu ana kadi ya mkopo ya benki, ile unaagizia vitu nje halafu unailipa benki pole pole. Tangu aipate, kwangu kadi ndiyo imekuwa mke wa tatu. Nikiomba ada, kadi inamdai. Nikiomba gesi, kadi imemkaba. Ikafika mahali mtoto wangu mdogo akimwona baba yake anaingia kanuna ananinong'oneza hela ya daftari tusiombe leo, kadi imeamka vibaya. Tulikuwa tunacheka. Lakini nilimwonea huruma, jamani. Mwaka jana kikoba chetu cha akiba tulipovunja nikampa mgao wangu wote, milioni moja na laki mbili, nikamwambia kalipe deni upumue. Alinishika mkono akasema, "Wewe ndiye mke, Mama Shamsa." Neno lile nilitembea nalo sokoni wiki nzima kama niliyevaa dhahabu. (Jina la mtoto nimelibadilisha.)

Mwezi uliopita mke mwenzangu alijifungua. Mama yake anaumwa huko Lindi, hana mtu. Nikasema mtoto hana kosa. Nikawa naenda Magomeni, namkanda, namwogesha mtoto, nampikia uji wa pilipili manga. Wivu ninao, siwadanganyi. Nikiona shati la mume wangu limeanikwa kwenye kamba yake, nageuza uso. Lakini naenda.

Siku moja namkausha mtoto nikaona friza jipya sebuleni. Nikamtania, mume wetu kaokota wapi? Akacheka, akasema dada, si ile hela ya kwenye kadi. Nikamwambia kadi ile ni deni tupu. Akasema hata yeye alidhani hivyo, mpaka walipoenda benki na mume wetu, yeye na tumbo lake kubwa, wakapewa viti. Kumbe deni lilishalipwa lote. Halafu kuna mzigo wa vipuri mume wetu aliulipia kwa kadi hiyo, ukakosekana huko nje, muuzaji akairudisha hela kwenye kadi ileile. Basi ikawa yeye hadaiwi na benki, benki ndiyo inadaiwa naye. Dada wa dirishani akawaambia wasitoe kwenye mashine, watakatwa sana kama wanaokopa, bora ile iliyozidi ihamishiwe kwanza kwenye akaunti yake ya kawaida. Wakajaza karatasi, mke mwenzangu ndiye aliyemsomea maana yeye kamaliza kidato cha nne. Akaniambia kwa raha zake kwamba hata namba ya siri anatumwa yeye abonyeze, mume wetu macho hayaoni vizuri.

"Na lile deni alilipa nani?" nikamuuliza.

"Si yeye mwenyewe, dada. Alisema alijibana."

Wapendwa, mtoto alikuwa mikononi mwangu. Nilimfunga nepi, nikamlaza taratibu. Aliyejibana ni mimi.

Najiambia labda hakupanga, ule mzigo angejuaje kama utakosekana. Lakini hela ilipozidi angeniita aseme, Mama Shamsa, chako kimerudi. Akamwita yeye. Miaka ishirini na mbili ya ndoa sijui hata namba ya siri ya simu yake. Mimi kanionyesha njaa, mwenzangu kamwonyesha shibe. Nawaona wamekaa bega kwa bega kwenye kiyoyozi, karatasi moja wanaisoma wote, na mimi saa hiyo moshi unanitoa machozi. Hilo linaniuma kuliko friza.

Nadhani uso wangu ulisema, maana yule binti alishtuka akanishika kanga. "Dada, usimwambie nimekwambia mimi. Alishanikanya mambo ya kadi yasifike kwako. Ataniacha." Hata arobaini hajatoka.

Sasa Jumamosi hii tunavunja kikoba tena. Mgao niliuwekea nia ya binti yangu Shamsa, kapata nafasi chuo cha uuguzi na wanataka ada ya kuanzia. Juzi mume wangu kala, kanawa, akaniambia kwa ile sauti yake ya upole kwamba kadi imeanza tena kumkaba. Inawezekana ni kweli. Ndiyo ubaya wenyewe, siwezi tena kujua. Nikamjibu tutaona.

Nikimnyima bila sababu atahisi kuna aliyenidokeza, na wa kunidokezea ni mmoja tu. Nikimwambia najua, ni yaleyale, mwenye kichanga ndiye atafukuzwa. Nikimpa, Shamsa anakaa nyumbani. Msiniambie nidai talaka, mume wangu nampenda, ndiyo maana naumia. Na mke mwenzangu msimtukane, matusi yake ninayo ya kutosha humu moyoni, na kesho bado naenda kumwogesha mtoto wake. Nishikeni mkono kina mama mliopita njia hii. Hela ya Jumamosi niipeleke wapi, na baba wa watoto wangu akininyooshea mkono, nimtazameje?