Mkagua Kadi wa Duka la Kambini

Mzee anayekagua kadi mlangoni mwa duka la kambi ya jeshi hutazama miguu kwanza. Wanajeshi wa zamani waliolemaa kazini huruhusiwa kununua humo kwa bei nafuu, lakini akija mmoja wao bila mkongojo, humwangushia kadi, eti imemponyoka, aone atainamaje.

Jana ilikuwa zamu ya Bi. Pruitt, aliyekuja bila mkongojo.

"Kadi ya mumeo hii, mama?"

"Yangu. Niliendesha gari la deraya jeshini."

Kadi ikaanguka.

"Samahani, okota."

"Umeiangusha wewe, babu. Okota mwenyewe."

Sisi wa foleni tukacheka. Mzee akainama polepole, goti likalia, akaokota, akashindwa kuinuka. Bi. Pruitt akampa mkono, akamnyanyua mara moja. Mzee hakushukuru. Aliukazia macho ule mkono, kadi bado ameishika.

"Mlemavu gani mwenye nguvu hivi?"